Je, kumwagilia na kuweka mbolea ya viwandani huboresha lishe ya mabingobingo, au huongeza wingi tu?

Mfugaji wa Uyui

Habari za leo wanajukwaa.

Ninafuga ng'ombe wanne wa maziwa, wote chotara, wilayani Uyui, si mbali na mji wa Tabora, na nina robo ekari ya mabingobingo, zile nyasi ndefu za malisho, karibu na kisima. Udongo wangu ni ule wa kichanga ambao wenyeji wa huku tunauita luseni. Mvua za mkoa wetu, kama wengi mjuavyo, huanza Novemba na kukatika Aprili au mwanzoni mwa Mei, na kutoka hapo hadi zirudi tena mfugaji hutegemea mabua ya mahindi, nyasi za mpunga na chochote alichokihifadhi. Kwa sababu hiyo kiangazi hiki nilinunua pampu ndogo na kuanza kumwagilia.

Shamba nimeligawa sehemu tatu. Ya kwanza inapata maji peke yake. Ya pili inapata maji pamoja na Urea. Ya tatu, ambayo mpira wa maji haufiki, iliwekewa Urea mvua zilipokuwa zinakatika, na tangu hapo imedumaa. Katika sehemu ya kwanza mabingobingo yamenipita kimo, rangi yake imepauka na majani ya chini yanageuka manjano, na ng'ombe wanakula juu juu na kuacha mashina mengi horini. Katika sehemu ya pili majani ni ya kijani kilichokolea na ng'ombe wanayagombania, ila kinyesi chao kimekuwa cha majimaji, na maziwa hayajapanda kwa kiasi cha kulipia gharama ya mafuta ya pampu. Majani ya sehemu ya tatu ni mafupi na yamejikunja, lakini bado ni ya kijani, na jirani yangu ameniomba nimuuzie kwa ajili ya mbuzi wake.

Ninaomba kueleweshwa mambo matatu. Je, maji yenyewe hupunguza au huongeza protini katika majani ya malisho? Je, mbolea ya viwandani huongeza lishe ya kweli, au inatupa rangi nzuri tu ya kutufurahisha macho? Na hayo majani yaliyodumaa ni salama? Nauliza pia kwa sababu muuza pembejeo mmoja aliniambia kwamba nikiweka Urea ya kutosha nitaachana kabisa na mashudu ya alizeti, na mashudu kwa bei ya sasa si jambo dogo.

Daktari wa Mifugo, Nzega

Ndugu yangu, nitaanza na swali lako la mwisho kwa sababu halisubiri. Usimuuzie jirani majani hayo kwa sasa, wala usiwape ng'ombe wako, hasa wakiwa na njaa.

Mmea huvuta naitrojeni kutoka ardhini kwa wingi ikiwa katika umbo la naitreti, kisha huigeuza kuwa protini ndani ya jani kwa nguvu ya jua. Ukame unapoubana mmea, kazi hiyo ya kugeuza hupungua sana wakati mizizi ingali inavuta kidogo kidogo, na matokeo yake naitreti hurundikana, zaidi kwenye sehemu ya chini ya shina kuliko kwenye jani. Mnyama anayecheua akila majani ya namna hiyo, vijidudu vya tumboni huibadilisha naitreti kuwa naitraiti. Ikiwa kidogo, vijidudu hivyo huendelea na kazi mpaka iwe amonia, na hakuna madhara. Ikizidi, naitraiti huingia kwenye damu na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni. Mnyama huhema kwa shida, hutetemeka na kuyumba, ufizi na utando wa macho hupoteza wekundu wake na kuwa wa kijivu, na damu huwa ya kahawia. Tiba ipo, nayo ni sindano ya methilini ya bluu inayochomwa kwenye mshipa na daktari, lakini mara nyingi mnyama hufa kabla daktari hajafika, kwa kuwa mambo yote hayo hutokea ndani ya saa chache tu.

Wengi hudhani hatari iko kileleni mwa kiangazi. Hatari kubwa zaidi iko siku chache baada ya mvua ya kwanza ya Novemba, au baada ya wewe kuamua kuurefusha mpira ufike sehemu ile ya tatu. Maji yakifika, mizizi huivuta kwa mkupuo naitreti yote iliyokuwa imelala kwenye udongo mkavu, ilhali majani bado hayajapata nguvu ya kuitumia. Subiri wiki mbili za ukuaji mzuri ndipo ukate, na ukate juu kidogo, sentimita 30 hivi kutoka ardhini, ili shina la chini libaki shambani. Kuanika majani yakawa hei hakuondoi naitreti hata kidogo. Kusindika sileji, yaani kuyashindilia majani mabichi na kuyafunika yasipate hewa ili yachache, huipunguza, mara nyingi kwa karibu nusu. Mbuzi hawana kinga katika jambo hili. Na uangalie pia mchicha pori unaoota katikati ya mabingobingo yaliyowekewa mbolea, kwa kuwa nao hukusanya naitreti kwa wingi na watu huukata pamoja na majani bila kuutilia maanani.

Kwa wale wanaopanda mtama wa malisho, kuna sumu nyingine, sianidi, ambayo hupatikana kwenye mtama mchanga na kwenye machipukizi yaliyotoka baada ya ukame au baada ya kukatwa. Naitrojeni nyingi kwenye udongo wenye fosforasi kidogo huizidisha. Hapo damu huwa nyekundu inayong'aa, kinyume cha ile ya kahawia, na tiba yake ni tofauti, kwa hiyo mpigieni daktari mkimweleza rangi mliyoiona. Tofauti nyingine ni kwamba sianidi huondoka kwa sehemu kubwa mtama ukianikwa vizuri. Msiulishe mbichi kabla haujafika sentimita 60 hivi.

Afisa Malisho

Namuunga mkono Daktari, nami nitajibu yale mawili yaliyobaki.

Hesabu ndogo inaeleza sehemu kubwa ya yale unayoyaona. Maabara inapokuandikia kiwango cha protini ghafi, inakuwa imepima naitrojeni na kuizidisha kwa 6.25. Kwa hiyo tani moja ya majani, yakishakaushwa kabisa, yenye protini ya asilimia 10, imebeba kilo 16 za naitrojeni. Sasa chukua kipande cha luseni ambacho kwa kipindi kimoja cha ukuaji kinaweza kutoa kilo hizo 16 na si zaidi. Ukivuna tani moja, protini ni asilimia 10. Ukimwagilia ukavuna tani mbili kutokana na kilo zilezile 16, protini inashuka hadi asilimia 5. Maji hayakuiharibu protini. Umeongeza maji kwenye uji bila kuongeza unga. Rangi ya manjano unayoiona kwenye majani ya chini ndiyo dalili yenyewe, kwa sababu mmea unaokosa naitrojeni huihamisha kutoka majani makuukuu na kuipeleka kwenye machipukizi ya juu.

Kushuka huko kuna mpaka wenye maana kubwa kwa ng'ombe. Protini ya majani ikienda chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vya tumboni hukosa naitrojeni ya kujijenga, mmeng'enyo wa nyuzinyuzi huzorota, chakula hukaa tumboni muda mrefu, na ng'ombe hupunguza kula ingawa hori limejaa. Mfugaji huona mabaki na kusema ng'ombe wake wanachagua. Ni kweli wanachagua, lakini pia tumbo limekwama.

Jambo la pili katika sehemu yako ya kwanza ni umri. Mabingobingo yaliyompita mtu kimo yamepitiliza. Likate shina moja kwa panga, karibu na fundo la tatu kutoka chini, uliangalie: nje lina ganda gumu linalong'aa, ndani lina nyama nyeupe kavu. Ganda lile limejaa lignini, ambayo vijidudu vya ng'ombe haviwezi kuivunja, na kila inaposhikana na nyuzinyuzi nyingine huzizuia nazo zisimeng'enywe. Hakuna mbolea wala maji yatakayolirudisha shina hilo nyuma. Kati ya mambo yote anayoweza kuyapanga mfugaji, wakati wa kukata ndio unaoamua ubora kuliko maji na kuliko mbolea, na ninasema hivi nikijua kwamba watu wengi hutumia fedha kwenye mbolea na maji, kisha wakachelewa kukata kwa kuwa majani bado yanazidi kurefuka na macho yanafurahi.

Wengine watashangaa nikisema kwamba mmea uliopungukiwa maji kiasi kidogo mara nyingi humeng'enywa vizuri kuliko ulioshiba. Upungufu mdogo huchelewesha kurefuka kwa shina na kuchanua, kwa hiyo majani hubaki mengi kuliko mashina. Upungufu mkubwa hufanya kinyume, kwani majani hukauka na kupukutika na kinachobaki ni vijiti, achilia mbali naitreti aliyoieleza Daktari. Faida ya kumwagilia, basi, ni kukuwezesha kukata mara nyingi majani yakiwa bado machanga katika miezi ambayo wenzako hawana kitu. Ukimwagilia ili yarefuke, unalipia mafuta ya pampu kuotesha mashina.

Kata mabingobingo yakiwa kati ya sentimita 60 na 100. Usihesabu wiki pekee. Juni na Julai usiku wa Tabora una baridi na majani hukua polepole. Yanaweza kuchukua wiki 8 au zaidi kufika kimo hicho yakiwa bado laini. Septemba na Oktoba joto hupanda, na joto lenyewe hukomaza shina upesi, kwa hiyo unaweza kulazimika kukata mapema zaidi.

Sasa Urea. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Kama hakuna kinachopotea, naitrojeni hiyo inatosha kujenga protini ya asilimia 10 katika tani 1.4 hivi za majani makavu, na ndiyo sababu sehemu yako ya pili ina rangi na ladha tofauti. Huo si udanganyifu wa macho. Protini imepanda kweli. Lakini mbolea hii haibadilishi sana kiwango cha mmeng'enyo cha jani lenye umri uleule, na ina gharama zake. Mmea unaolishwa naitrojeni nyingi hutumia sukari yake kujengea protini, kwa hiyo sukari hupungua, jambo linalofanya hata sileji yake iwe ngumu kuchacha vizuri bila kuongezewa molasesi. Tena, sehemu ya naitrojeni iliyomo si protini kamili bali ni vitu vyepesi ambavyo tumboni hugeuka amonia mara moja. Vijidudu vinaweza kuitumia amonia hiyo vikipata nguvu kwa wakati uleule, yaani wanga au sukari. Visipoipata, amonia hupita kwenye damu, ini huigeuza kuwa urea, na ng'ombe huikojoa. Umenunua mbolea na kuirudisha zizini.

Hapo ndipo maziwa yako yalipokwama, pamoja na wingi wa maji kwenye majani. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji takriban kilo 12 za chakula kikavu kwa siku. Mabingobingo machanga yaliyomwagiliwa na kuwekewa naitrojeni yanaweza kuwa na uzito mkavu wa asilimia 13 tu, kwa hiyo kilo 60 mbichi, ambazo ni mzigo wa kumtosha mtu kulalamika, zinampa chini ya kilo 8. Yaache yanyauke kivulini kwa nusu siku kabla ya kuyakatakata, na umpe pumba za mahindi wakati wa kukamua. Kinyesi kitakaza.

Kuhusu mashudu, aliyekushauri uyaache alikuwa anauza Urea. Mashudu ya alizeti, hata yaliyokamuliwa pamoja na maganda, yana protini zaidi ya mara mbili ya mabingobingo mazuri. Ng'ombe anayetoa lita chache anaweza kutunzwa kwa majani bora peke yake, lakini ng'ombe wa lita nyingi hatoshelezwi, kwa kuwa tumbo lake lina mwisho. Majani mazuri yatakupunguzia kiasi cha mashudu, basi.

Mzee wa Sikonge

Vijana, nimewasoma wote na sina ugomvi na hesabu zenu. Nina neno moja tu, kwamba mnaihangaikia naitrojeni ya dukani wakati miti inaivuta hewani bure. Huku kwetu tumepanda lukina na gliricidia kwenye mipaka ya mashamba tangu watafiti wa kituo cha kilimo cha Tumbi, Tabora, walipokuwa wakihimiza miti ya mbolea. Majani yake yana protini ya asilimia 20 na zaidi, yanabaki ya kijani wakati nyasi zimekwisha, kwa sababu mizizi imekwenda chini ambako pampu ya ndugu yetu haina kazi. Gliricidia mbichi ng'ombe huikataa kwanza kwa harufu yake. Inyaushe, ichanganye kidogo kidogo, atazoea. Lukina usimpe peke yake, isizidi theluthi ya chakula chake, maana ina sumu yake ya kunyonyoa manyoya.

Na samadi mnaiacha inakauka juani na kunyeshewa nje ya zizi mpaka haina kitu, kisha mnakwenda kununua Urea. Chimbeni mashimo ya tumbukiza, futi 2 kwenda chini na futi 2 upana, jazeni debe moja au mawili ya samadi iliyofunikwa ikaiva, mchanganye na udongo wa juu. Shimo hilo hushika maji, na kwenye luseni hilo ni jambo kubwa kuliko mbolea yenyewe.

Jambo jingine la kuwaonya: wakulima wa tumbaku hubakiwa na NPK ya 10-18-24, mbolea ya mchanganyiko wa naitrojeni, fosforasi na potasiamu, na nimeona watu wakiimwaga kwenye majani ya ng'ombe kwa sababu ipo ghalani. Wataalamu watuambie kama hilo ni sawa.

Afisa Malisho

Shikamoo Mzee. Kuhusu miti sina la kupunguza, na kwa robo ekari ya Uyui ningeanza na ukingo wa gliricidia kabla ya mfuko wa pili wa Urea. Nyongeza yangu ni kwamba mtu asiweke naitrojeni nyingi kwenye jamii ya kunde, iwe ni lukina changa, desmodiamu au lablab iliyopandwa katikati ya nyasi. Mmea wa kunde ukipata naitrojeni ya bure ardhini hupunguza vinundu vya mizizi, vile vinavyovuta naitrojeni ya hewani, na nyasi zinazoizunguka hukua haraka na kuufunika. Baada ya misimu michache unabaki na nyasi tupu.

NPK ya tumbaku haitadhuru kwa kuwekwa mara moja, kwa kuwa mabingobingo yanayokatwa na kubebwa huondoa potasiamu nyingi sana shambani na mchanga wetu hauna akiba. Ila mmea una tabia ya kuvuta potasiamu kuliko unavyohitaji ikiwa ipo, na kila inapozidi, magnesiamu na sodiamu katika jani hupungua. Ukiiweka kila baada ya kukata, unaweza kuwa na majani ya kijani kizuri huku ng'ombe aliyezaa karibuni akipungukiwa magnesiamu. Chumvi ya kulamba yenye madini isikose bandani, lakini isiwe kisingizio cha kumwaga mbolea ovyo.

Mwalimu, Kasulu

Naongeza jambo kutoka huku Kigoma, kwa kuwa mazungumzo yote yameegemea kwenye naitrojeni. Sisi tuna mvua ndefu kuliko Tabora na kumwagilia si mzigo mkubwa, lakini udongo wetu mwekundu wa milimani una tindikali na unaikamata fosforasi. Katika udongo wa namna hii unaweza kuweka Urea ukapata kijani, na bado mizizi ikabaki mifupi na mikunde isitoe vinundu. Mbolea ya fosfeti ya Minjingu inafaa zaidi hapa kuliko kwenye udongo usio na tindikali, kwa kuwa tindikali ndiyo inayoiyeyusha polepole, na ni vema ichanganywe na udongo wakati wa kupanda badala ya kunyunyiziwa juu, maana fosforasi haitembei ardhini.

Kwa upande wa lishe, fosforasi ya nyasi hushuka sana kiangazi. Mkiona ng'ombe anatafuna mfupa, kamba ya ngozi au kiatu kilichotupwa, hiyo mara nyingi ni njaa ya fosforasi, na mfupa wa mzoga unaweza kumpa sumu ya botulizimu ikamlaza na kumwua. Mbolea ya fosfeti huongeza fosforasi ndani ya jani, ila kwa kiasi cha wastani, kwa hiyo ni rahisi na hakika zaidi kumpa mnyama madini yenyewe mdomoni, kisha fosfeti ya shambani iifanye kazi yake ya kukuza mizizi na mikunde.

Salfa nayo isisahauliwe. Mmea hauwezi kutengeneza protini kamili bila salfa, na Urea haina salfa hata chembe. Ukibadilishana, mara moja Urea na mara nyingine SA (salfeti ya amonia), ambayo ina naitrojeni ya asilimia 21 na salfa ya asilimia 24, unasaidia protini iwe kamili na kupunguza ile naitrojeni nyepesi aliyoisema Afisa. Tahadhari yangu ni kwamba SA huongeza tindikali kuliko Urea, kwa hiyo huku kwetu tunaitumia kwa uchache na kuweka chokaa.

Mfugaji wa Uyui

Shikamoo Mzee wa Sikonge, na nawashukuru wote. Jirani nimemweleza, tena ameshtuka, kwa sababu alikuwa amekwisha kukata kiroba kimoja nje ya uzio; amekimwaga shimoni.

Nimebaki na maswali mawili ya utekelezaji. Kwa robo ekari, nimwagilie maji kiasi gani, na Urea niiweke vipi ili isipotee? Kisima changu kinapungua sana ifikapo Septemba.

Afisa Malisho

Nitaanza na maji. Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Robo ekari ni kama mita 1,000 za mraba. Kiangazi cha Tabora, chenye jua kali, upepo na hewa kavu, mabingobingo yaliyofunika ardhi vizuri hupoteza kiasi cha milimita 5 kwa siku, na zaidi kidogo Oktoba. Hizo ni lita 5,000 kwa siku, yaani mapipa 25 ya lita 200. Kama kisima hakiwezi, usilipe eneo lote maji nusu nusu. Chagua eneo ambalo kisima kinalimudu mpaka Oktoba, ulimwagilie sawasawa, na lililobaki uliache lipumzike bila mbolea mpaka mvua. Robo ekari iliyonyweshwa nusu nusu ikiwa na Urea itakurudisha kwenye tatizo la naitreti.

Kwenye mchanga, maji mengi kwa mara moja hupita chini ya mizizi na kuondoka na naitreti. Mwagilia kidogo kila baada ya siku 2 au 3 badala ya mafuriko ya kila wiki, na utandaze mabaki ya horini, yale mashina wanayoyaacha, katikati ya mistari ili udongo usipigwe na jua.

Urea ikiachwa juu ya udongo wenye unyevu kidogo bila kufunikwa hugeuka amonia na kupeperuka. Ukisikia harufu kali ya mkojo shambani jioni, hiyo ndiyo fedha yako inayoondoka. Baada ya kukata, subiri machipukizi yaonekane, chimba kijifereji cha kina cha vidole viwili kando ya mstari, weka, fukia, kisha mwagilia siku hiyohiyo. Kilo 8 kwa robo ekari kwa kila kipindi cha kukata zinatosha kuanzia, na uzigawe mara mbili: nusu machipukizi yakitoka, nusu wiki mbili baadaye. Usiweke tena karibu na kukata. Kati ya mbolea ya mwisho na panga zipite wiki 4 angalau, ili naitreti iwe imegeuzwa. Sehemu ambayo haitapata maji isipewe kitu chochote cha naitrojeni baada ya Machi.

Mwisho, nikuambie jambo ambalo huenda hulipendi. Robo ekari iliyotunzwa vizuri ikikatwa katika kimo nilichokitaja hutoa takriban kilo 250 za majani makavu kwa mkato mmoja. Ng'ombe wako wanne wanahitaji kilo 48 kwa siku. Mkato mzima unaliwa kwa siku 5, na utasubiri wiki 6 hadi 8 kupata mwingine. Kwa hiyo majani haya ya kumwagiliwa yasiwe chakula chao cha kutwa. Wape kama nyongeza, kilo 10 hadi 15 mbichi kwa kila ng'ombe anayekamuliwa, juu ya mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa au nyasi za mpunga. Protini ya majani mabichi itavisaidia vijidudu kuyameng'enya mabua hayo, ambayo yenyewe hayafiki asilimia 7 hata siku moja, na hapo kila lita ya maji uliyoivuta inafanya kazi zaidi ya ingefanya ukimjaza ng'ombe mmoja mabingobingo matupu. Chakula kikubwa cha kiangazi kinatafutwa Februari na Machi, wakati mvua inamwagilia bure: ongeza eneo, weka mbolea wakati huo, kata kabla mashina hayajakomaa, na usindike sileji kwenye shimo lililotandikwa nailoni.

Daktari wa Mifugo, Nzega

Ukianza kuwapa, anza na kilo 3 au 4 kwa siku na uongeze taratibu kwa wiki moja, baada ya kuwa wamekula mabua asubuhi. Na kama unataka uhakika wa kiwango cha protini na naitreti kabla ya kuchimba shimo la sileji, kata shina zima pamoja na majani kutoka sehemu kama kumi tofauti za shamba, changanya, kausha kivulini, na uulizie kipimo katika maabara ya chakula cha mifugo, kwa mfano ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro au ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania). Weka sampuli ya sehemu iliyomwagiliwa na ya ile iliyodumaa katika mifuko miwili tofauti ya karatasi, na uandike tarehe uliyoweka Urea juu ya kila mfuko.